Mapenzi yavunjike, mgahawa ubaki: jinsi tamthilia ya ndugu inavyosukwa

Kazi yangu ni kusoma miswada ya tamthilia kabla haijafika mikononi mwa mwongozaji, na kumwambia mwandishi ni wapi hadithi yake itakata pumzi. Ninazozipokea kwa wingi kuliko zote ni hadithi za ndugu. Baba amefariki, mali ipo, watoto ni wanne au watano, mmoja anakunywa, mmoja ameolewa kwa hasira, wa mwisho bado anavaa sare za shule. Sehemu tano za kwanza huenda vizuri. Ikifika ya saba, kila mmoja ameshaachana na mpenzi wake, wote wametukanana, wamelia, wamepatana, na mwandishi hana tena pa kwenda. Hapo ndipo huingizwa mtoto wa nje aliyekuwa amefichwa, na hadithi ikaanzwa upya mahali ambapo haikuhitaji kuanzwa.

Kijana mmoja aliniletea muswada wa ndugu wanne waliorithi nyumba ya wageni. Ugomvi wao aliuandika kwa mkono wa mtu mwenye kipaji kabisa. Nikamwuliza: saa kumi na moja alfajiri, nani anafungua geti? Nani anafua mashuka ya chumba namba sita? Nani anakaa kaunta siku ambayo mpokea wageni hakutokea? Alinyamaza. Nyumba ya wageni ilikuwa jina tu, ukuta wa nyuma wa kupigia picha. Wale ndugu hawakuwa na sababu yoyote ya kuonana kesho yake.

Nilimwambia akatafute Party of Five, aiangalie kuanzia mwanzo, na asiandike neno mpaka amalize msimu wa tatu. Nilichokuwa nikimwelekeza huko ndicho ninachotaka kukieleza hapa kwa urefu.

Tamthilia hiyo ilianza kurushwa na kituo cha Fox cha Marekani mwezi Septemba 1994 na ikaisha Mei 2000, misimu sita, sehemu 142. Waliibuni Christopher Keyser na Amy Lippman. Hadithi iko San Francisco. Wazazi wa familia ya Salinger wameuawa na dereva mlevi, wakaacha watoto watano: Charlie wa miaka 24, Bailey wa 16, Julia wa 15, Claudia wa 11, na Owen ambaye bado ni mtoto mchanga. Wameacha pia nyumba na mgahawa unaobeba jina la ukoo, Salingers.

Kwa msomaji wa haraka huo ni msiba na urithi. Kwa mtu wa kazi yangu, ni mtambo, na kila kipuri kina kazi yake. Charlie ni mtu mzima tayari, anafanya kazi za useremala, ana wanawake wake na maisha yake nje ya nyumba ile. Sheria inamtaka awe mlezi ilhali moyo wake haujakubali. Bailey ana moyo wa ulezi lakini hana umri. Hilo pengo la miaka minane kati ya kaka wawili ndilo linalozalisha nusu ya ugomvi wa misimu ya mwanzo: mwenye mamlaka hana hamu, mwenye hamu hana mamlaka. Sehemu ya kwanza kabisa Charlie anapoteza fedha za familia kwenye biashara iliyokwenda mrama, na anayejua bili za mwezi zitalipwaje ni Bailey, mwanafunzi wa sekondari. Na Owen, ambaye hasemi neno hata moja, ndiye mhusika mwenye nguvu kuliko wote, maana mtoto mchanga hawezi kusubiri mpaka watu wapatane. Anataka maziwa sasa hivi.

Mgahawa ni kama Owen wa pili. Nao hausubiri. Mpishi anataka mshahara, wateja wanaingia jioni, mauzo yahesabiwe, na kama jana ulimtupia ndugu yako maneno ya kumchoma mfupa, leo mtakutana palepale kati ya jiko na kaunta. Waandishi wakaongeza jambo moja la busara kubwa: kuna meza pale mgahawani ambapo hao watano hukaa kula pamoja. Kwa hiyo chombo cha mapato ndicho hichohicho chenye sinia la familia. Huwezi kuususia mgahawa bila kuisusia familia, wala huwezi kukaa mezani na ndugu zako bila kuona kama viti vingine vina wateja au vimekauka. Ukitaka kujua hali ya biashara, hakuna haja ya mhusika kutangaza. Kamera inapita tu juu ya bega la Claudia.

Wazee wetu walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Watu wengi huichukua methali hii kama onyo kwa jirani asiingilie ugomvi wa ndugu. Mimi huichukua pia kama somo la uandishi. Sikiliza zana zilizotajwa: jembe na kapu. Methali haikuwaweka ndugu sebuleni. Imewaweka shambani, mahali penye kazi na mavuno. Ugomvi wa ndugu una maana kwa sababu kuna shamba.

Sasa nije kwenye kuachana, maana hapo ndipo waandishi wengi wanapopotea njia. Mwandishi mchanga akitaka wapenzi waachane huleta usaliti: ujumbe umeonekana kwenye simu, mwanamke mwingine kafika mlangoni. Usaliti upo duniani na upo katika Party of Five pia, lakini ukiuchunguza utaona mara nyingi ni matokeo, chanzo kiko mbali zaidi. Mapenzi ya hawa ndugu yanavunjika kwa sababu mpenzi anaomba kitu ambacho tayari kimeshatolewa kwa mwingine: muda, chumba, fedha, usiku wa Ijumaa. Mtazame Charlie na Kirsten. Kirsten anaingia katika nyumba ile kama yaya wa Owen. Anapendwa na watoto kabla hajapendwa na Charlie, na hilo ndilo tatizo lenyewe. Charlie akimwangalia mwanamke anayempenda, anaona pia mama mpya wa wadogo zake, kitanzi cha mwisho kinachokazwa. Harusi yao ya msimu wa pili haikufungwa. Watazamaji walimkasirikia Charlie, na mimi nilimkasirikia, lakini mwandishi alikuwa ameuandaa mshindo huo tangu siku ile Kirsten alipomnyanyua mtoto kwa mara ya kwanza. Iliwachukua miaka, pamoja na mwanamke mwingine na mtoto wa kike aliyepewa jina la marehemu mama yao, Diana, kabla Charlie na Kirsten hawajaoana.

Julia naye anaolewa na Griffin akiwa binti mdogo kabisa. Ukiiona ndoa ile peke yake utasema ni ukaidi wa ujana. Iweke ndani ya nyumba ile, utaona msichana aliyechoka kuwa mtoto wa kati, anayetafuta mlango wa kutokea ambao hautamfanya aonekane ametoroka. Chuo ungekuwa mlango, ila chuo kinamtaka mtu ajijue anataka nini, na Julia hajapata hata siku moja ya kujiuliza. Ndoa haikudumu.

Kuachana kwa wapenzi, basi, ni gharama inayolipwa ili ndugu wasiachane. Hilo ndilo nilitaka kijana wangu alione. Lugha yetu yenyewe inajua tofauti hii. Tunasema fulani ameachana na mume wake, lakini ndugu tunasema wamegombana, wametengana, hawaongei. Hata wakae miaka kumi hawaongei, mmoja akifa mwingine ataitwa kuja kushika jeneza. Mwandishi anayewaachanisha ndugu kama anavyowaachanisha wapenzi, kwa mlango mmoja kupigwa kwa kishindo, anadanganya juu ya undugu.

Nimesema msimu wa tatu kwa sababu ya Bailey. Ulevi wake haukuangushwa kutoka juu. Huyu ndiye aliyeshika bili akiwa na miaka 16, aliyemzika mpenzi wake, Jill, aliyeuawa na dawa za kulevya, aliyekuwa nguzo mpaka akaondoka nyumbani kwenda kusoma na kupanga, na huko hakuna anayemhitaji. Anakunywa. Taratibu, sehemu baada ya sehemu, bila muziki wa kutisha. Mwishowe ndugu zake wanamweka kikao sebuleni wakiwa na Sarah, msichana anayempenda, na mmoja mmoja wanamwambia wanachokiona.

Kikao hicho nimekitazama mara nyingi kuliko onyesho lingine lolote katika kazi hii. Karibu sehemu nzima iko ndani ya nyumba. Waandishi wamemnyima Bailey jambo moja ambalo wengi wangempa, yaani machozi ya kukubali. Badala yake anajibu. Anamgeukia kila mmoja na kumtupia kosa lake halisi: Charlie na uzembe wake wa mwanzo, Julia naye lake, hata Claudia aliye mdogo hapati huruma. Na yote ni kweli. Hapo ndipo palipo na ufundi. Mlevi anayesema uongo ni rahisi kumkatalia. Mlevi anayesema kweli anawafanya watu wote chumbani watazame chini. Yeye ndiye aliyetunza hesabu za nyumba ile tangu mwanzo, na siku hiyo anazisoma zote kwa sauti. Katika msimu huohuo inafichuka kwamba baba yao, ambaye picha yake imetukuka ukutani na jina lake liko juu ya mlango wa mgahawa, naye alikuwa na tatizo la pombe.

Bailey anatoka, anaingia kwenye gari akiwa amelewa, Sarah anaingia naye, na gari linapata ajali. Kumbuka wazazi wao walikufaje. Kumbuka pia kwamba katika msimu wa kwanza, kipindi cha sikukuu ya Shukrani, yule dereva aliyewaua alitoka gerezani na kutaka kuonana nao, na watoto wale wakalazimika kuamua kama wanaweza kumtazama usoni. Misimu miwili baadaye mmoja wao amekaa kwenye kiti kilekile cha dereva. Hakuna mhusika anayelieleza hili kwa hotuba, na mtazamaji aliyefuatilia hahitaji kuelezwa.

Msimu wa nne Charlie anapatikana na saratani ya Hodgkin, na mzigo wa mgahawa unamwangukia Bailey, aliyetoka kujinasua. Ninaupenda uamuzi huu kwa sababu biashara haikutumika kama zawadi ya aliyetubu. Ilikuwepo tu, ikidai. Kama mtu amewahi kuuguza ndugu huku duka la familia likiwa wazi, anajua kwamba ugonjwa haufuti oda ya nyanya.

Kwa misimu miwili ya mwanzo tamthilia hii haikuwa na watazamaji wengi, na tuzo ya Golden Globe ya tamthilia bora iliyoipata Januari 1996 ndiyo iliyoipa nguvu ya kuendelea. Naitaja kwa ajili ya waandishi: hadithi za aina hii huchelewa kuiva, kwa kuwa mtazamaji lazima kwanza akae nao mezani.

Mwaka 2020 Keyser na Lippman waliirudia upya kwa kituo cha Freeform, safari hii kwa familia ya Acosta huko Los Angeles. Wazazi hawakufa. Walikamatwa na maafisa wa uhamiaji na kurudishwa Mexico, watoto watano wakabaki na mgahawa. Ilidumu msimu mmoja wa sehemu kumi, na nasikitika kwamba haikupewa muda, kwa sababu walibadilisha kipuri kimoja na mtambo mzima ukatoa sauti mpya. Wazazi waliokufa wananyamaza, na watoto wanaweza kuwatungia maneno. Wazazi walio hai upande wa pili wa mpaka wanapiga simu. Wanauliza kama kazi za shule zimefanywa, kama mgahawa unaingiza chochote. Mama anamtazama mwanawe mchanga kwenye kioo cha simu. Wasomaji wangu walioko Muscat, Minneapolis au Leeds, wenye watoto wanaolelewa na shangazi Tanga au Mombasa, hawahitaji maelezo yangu juu ya simu hiyo.

Limebaki suala la kukua, na hili nitalisema kwa ufupi kwa sababu hadithi yenyewe ililisema kwa ufupi. Katika tamthilia ya ndugu, mtu hakui kwa kufikisha umri wala kwa kuoa. Anakua siku ambayo kile kilichowafunga pamoja kinaweza kuachiliwa bila mtu kuanguka. Ndiyo maana Party of Five haikuishia na harusi. Iliishia na nyumba kuuzwa na ndugu kutawanyika, Claudia na fidla yake kwenda kusomea muziki New York, Bailey na Julia kila mmoja na mji wake, Owen akibaki na Charlie na Kirsten. Ukijua mapema siku hiyo itafananaje, utajua kila sehemu iliyotangulia inatakiwa kukaza kamba au kulegeza.

Kijana wangu alirudi baada ya miezi miwili. Ugomvi mkubwa wa sehemu ya kwanza ameuondoa wote. Sasa hadithi inaanza uani, giza halijatoka vizuri, dada mkubwa anafua mashuka ya chumba namba sita kwa mkono kwa sababu maji yamekatika tangu jana na ameteka ndoo nne kwa jirani. Simu yake inaita juu ya ndoo iliyopinduliwa. Ni mchumba wake, yuko stendi, basi linaondoka saa kumi na mbili na tiketi ni mbili. Anaitazama simu, anaikamua shuka, anaikung'uta, anaianika. Simu inakatika. Kutoka ndani mdogo wake anaita: dada, kuna mgeni anataka kulipa, chenji iko wapi?