Asidi za kubandua seli mfu huifanyia nini ngozi

Tukisema mtu "anajichubua", kila mmoja anaelewa: anapaka vipodozi vya kuondoa weusi. Kwa hiyo ukimwambia mtu kuna asidi ya usoni inayobandua ngozi, anawaza mkorogo moja kwa moja. Hivi ni vitu viwili tofauti kabisa. Mkorogo unapigana na rangi yenyewe. Asidi hizi zinalegeza seli ambazo zimeshakufa na zilikuwa zidondoke hata hivyo.

Ngozi haikai tuli. Seli mpya zinazaliwa chini ya tabaka la juu, zinapanda taratibu, na zikikaribia juu zinakauka, zinakufa, zinakuwa bapa na kupangana kama vigae vya paa. Kwa kijana mwenye afya safari hiyo huchukua takriban siku 28, na umri ukisogea inarefuka. Seli mfu hushikana kwa vifungo vidogo vya protini, mfano wa gundi, na mwili una vimeng'enya vyake vya kuvikata kidogo kidogo. Kazi hiyo ikizorota, seli zinarundikana. Pitisha mgongo wa kidole shavuni utausikia mkwaruzo. Uso unafifia, mafuta unayopaka yanabaki juu juu, na kwa wanaonyoa ndevu, unywele unaotaka kutoka unakwama, unajipinda na kugeuka kipele.

Skrabu inakwangua rundo hilo kwa nguvu, palipo na ugonjwa na palipo pazima. Asidi inalegeza gundi, seli zinaachiana zenyewe, na mara nyingi hata huoni kilichotoka.

Herufi AHA kwenye chupa ni za ukoo wa asidi zinazoyeyuka kwenye maji. Maarufu ni glikoliki, ambayo kwa asili imo kwenye miwa, na laktiki, ile ya maziwa yaliyochachuka. Molekuli ya glikoliki ni ndogo mno, hivyo inazama upesi, inafanya kazi kwa nguvu, na kuwasha pia. Laktiki ni mpole zaidi na inashika maji, kwa hiyo ngozi kavu inaipenda. Mwaka 1974, Eugene Van Scott na Ruey Yu wa Marekani walionyesha kuwa asidi za ukoo huu zinawasaidia wagonjwa wa iktiosisi, maradhi yanayoifanya ngozi iwe na magamba mazito. Zilianza kama tiba, urembo ukafuata.

BHA ni salisiliki, jamaa wa karibu wa aspirini (mwenye mzio wa aspirini aikwepe). Yenyewe inapatana na mafuta, hivyo inaingia ndani ya vitundu vya ngozi na kuyeyusha kile kizibo cha mafuta na seli mfu kinachoanzisha chunusi. Pia inapunguza uvimbe. Kwa uso wenye mafuta na vichunusi vyeusi puani, ningeanza na hii, kati ya asilimia 0.5 na 2.

Sasa madoa. Chunusi ikipona huacha rangi nyingi ndani ya seli, na asidi inapoharakisha seli hizo kutoka, doa linafifia kwa wiki na miezi. Hapa ndipo ninapoomba subira kwa dhati, hasa kwa wenye ngozi nyeusi. Ngozi yetu ikiunguzwa hujibu kwa doa jipya. Ukikimbilia chupa kali ili umalize mapema, unaweza kujiongezea kilekile ulichotaka kiondoke.

Kwenye chupa, asilimia peke yake haitoshi. Tazama pia pH, kipimo cha ukali wa asidi: namba ikishuka, ukali unapanda. Asidi ya asilimia 10 yenye pH ya 6 inafanya kazi kidogo sana, na ileile kwenye pH ya 3 inaweza kukuunguza. Kwa glikoliki na laktiki za nyumbani, jopo la wataalamu wa usalama wa vipodozi nchini Marekani liliweka mpaka wa asilimia 10, na pH isiwe chini ya 3.5. Anza usiku mmoja au miwili kwa wiki, uso ukiwa umeoshwa na kukauka, na usiku huohuo usichanganye na retinoli, kipodozi cha jamii ya vitamini A. Mchonyoto wa dakika moja ni kawaida. Ukizidi, osha kwa maji.

Asubuhi paka losheni ya kukinga jua, bila kukosa. AHA inaifanya ngozi iungue kirahisi na jua, na hali hiyo hudumu hadi wiki moja baada ya kuacha.

Uso ukianza kung'aa kama plastiki, ukakaza, na hata maji matupu yakauchoma, umeshapitiliza. Weka asidi kando, paka mafuta yasiyo na manukato asubuhi na jioni, na usiiguse chupa ile hadi siku utakayonawa bila kusikia kuchomwa.