Kitalu kina ukuta

Juzi hapa Bagamoyo tulikaa kuzungumzia bustani moja ya zamani iliyozungushiwa ukuta, ambayo sasa imemezwa na vichaka. Mzee mmoja akasema, "Tukifufue hiki kitalu, watoto wa shule waje wajifunze, na wageni wapate pa kutembelea." Vijana wakafurahi, wakaanza kupiga hesabu ya viriba na mbegu za miti. Kwao kitalu ni mahali pa kuoteshea miche. Si mara ya kwanza kuona neno hili likiwapoteza watu, ndiyo maana naandika.

Kitalu ni eneo lililozungushiwa ukuta wa mawe, na ukuta wenyewe pia huitwa kitalu.

Ninavyoona mimi, maana ya miche imezaliwa humo humo. Mche mchanga hukingwa na mbuzi na kuku, na penye ukuta unapona. Ukuta ukasahaulika, miche ikabaki na jina. Vitalu vya uwindaji na vya gesi navyo vimebakiwa na mpaka tu, tena wa kwenye ramani. Sizikatai maana hizo. Ila kitalu si ua. Ua waweza kuwa wa makuti, wa miti au wa mabati, na wingi wake ni nyua. (Lile la mwasumini wingi wake ni maua, na watu wa pwani wamezoea kuwa nayo yote mawili nyuma ya nyumba.) Kitalu ni mawe, na mawe ya pwani hii ni matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa.

Hapo neno linagusa kazi yenyewe. Aliyesikia "miche" atauacha ukuta uanguke, au ataupiga lipu ya saruji ili upendeze. Saruji ni ngumu kuliko tumbawe, na inafungia unyevu na chumvi ndani ya ukuta. Masika chache zikipita, jiwe linamomonyoka nyuma ya lipu na huku nje hakuna anayeona. Chokaa huuacha unyevu utoke. Kwa hiyo wa kwanza kuitwa ni mwashi anayeijua chokaa. Mti uliootea ukutani usiung'oe, utatoka na mawe. Ukate, mizizi ife, ndipo uzibe. Vichaka vya ndani navyo vifyekwe kwa panga, greda lisiingie, kwa sababu chini yake kunaweza kuwa na kingo za matuta, mfereji au mdomo wa kisima. Mtoto wa shule atajifunza kutoka kwenye alama hizo jinsi maji yalivyokuwa yakigawanywa.

Na sheria pia inautazama ukuta. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Misheni ya Kikatoliki ya hapa Bagamoyo, kwa mfano, ilianza 1868, hivyo ukuta wa umri huo unahitaji kutangazwa rasmi kwanza, na anayeomba utangazwe hana budi kueleza kuwa ni ukuta wa nini.

Yule kijana aliyeandika "miche" kwenye mstari wa kwanza wa daftari hakukosea kupenda miti. Mkilua na mkomamanga vitapandwa. Naomba tu aishushe mistari michache, na pale juu aandike: ukuta, chokaa, kisima.