Kwikwi ya Kiingereza haina kikohozi

Juzi nilikuwa nahariri tafsiri ya hadithi ya watoto, nikakuta mtoto anakunywa maji haraka haraka kisha "anakohoa" ukurasa mzima huku wenzake wakimhesabia. Nani huhesabiwa kikohozi? Nikarudi kwenye matini ya Kiingereza: hiccough, yaani kwikwi. Mtafsiri aliona cough (kikohozi) mwishoni mwa neno akaiamini. Simlaumu, maana Waingereza wenyewe ndio waliotangulia kupotea.

Katika karne ya 16 waliandika hicket, hickock, hickop. Hizo ni tanakali sauti tupu, kila mwandishi akijaribu kuunasa mlio kwa herufi zake. Karne ya 17 ndipo ikazuka hiccough, kwa kudhani kwamba kishindo cha kooni lazima kiwe na undugu na kikohozi. Tahajia hiyo imo kwenye kamusi hadi leo, ingawa hata anayeiandika hutamka hiccup.

Siipendi, kwa kuwa inageuza mambo kichwa chini. Kikohozi husukuma hewa nje. Kwikwi huivuta ndani. Kiwambo kilicho chini ya mapafu hujikaza ghafla, hewa huingia kwa kasi, na baada ya takriban sekunde 0.035 tu nyuzi sauti hufunga njia. Mlio unatokana na kufunga huko. Hebu tamka hic polepole: h ni pumzi, i fupi, halafu k inabamiza mlango. Waholanzi husema hik, Wahispania hipo, nao vilevile wanaikata irabu kwa konsonanti ya kuziba.

Sisi tunasema kwikwi. Mtazame mtoto mchanga aliyebandikwa uzi wenye mate kwenye paji la uso, kifua kikimruka, ukimsubiri anyamaze: kwi, kimya, kwi tena. Ndiyo maana neno letu limejirudia. Tena tunasema mtu analia kwa kwikwi. Kilatini nacho kiliunganisha hayo mawili: singultus, jina ambalo madaktari wanalitumia bado, lilikuwa kwikwi na pia kilio cha kukatika pumzi.

Kiingereza kililipeleka neno lake kwingine. Ukisoma kwamba mradi umepata hiccup, andika hitilafu ndogo. Kwikwi haitaeleweka hapo.

Mtoto wa kwenye hadithi nimemrudishia kwikwi zake, zote saba.