Picha za nebula zilizopigwa uani si za kuchora

Kuna ujumbe usiokoma kuzunguka kwenye magrupu: eti picha za nebula, yale mawingu ya gesi angani, zote huchorwa kwa kompyuta, na kwamba mtu wa Kampala aliyezungukwa na taa za barabarani hawezi kamwe kuzipiga.

Si kweli. Gizani jicho letu halitambui rangi vizuri, wala haliwezi kulimbikiza mwanga. Kamera inaweza. Mpigaji huacha lenzi wazi kwa sekunde kadhaa, hurudia hata mara mia, kisha programu huzipanga picha hizo nyota juu ya nyota. Mwanga hafifu hujitokeza, chembechembe zinazochafua picha zinapungua. Wekundu unaouona kwenye picha nyingi za nebula ni mwanga wa gesi ya haidrojeni, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 656, na kichujio maalumu huupitisha huku kikizuia sehemu kubwa ya mwanga wa taa.

Ni kweli rangi hukolezwa, na baadhi ya picha hupewa rangi za kuchagua. Hapo ndipo watu huchanganyikiwa, na siwalaumu. Ila ujumbe ule ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze.

Jaribu mwenyewe. Mwishoni mwa Januari, saa nne usiku, kundinyota la Orion huwa karibu na utosi kwetu hapa ikweta. Kusini kidogo mwa zile nyota tatu zilizojipanga, tazama kwa darubini ya mkono: utaona doa la kijivu. Ndiyo nebula yenyewe, na mwanga huo umesafiri takriban miaka 1,300 kukufikia.