Je, wajua kivinjari kinaweza kukuonyesha anwani ya benki ilhali uko kwa tapeli?

Kabla ya kuandika nywila, tazama kwanza anwani iliyo juu ya ukurasa: ndivyo tunavyoshauriwa, na ushauri ni mzuri. Lakini anwani hiyo huandikwa na kivinjari, na kivinjari ni programu, nacho hukosea.

Unapohama tovuti, kivinjari hubadilisha anwani na kuleta ukurasa mpya kutoka kwenye seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti. Kazi hizo mbili si lazima zimalizike pamoja, na mwanya huo ndio tapeli anaoutafuta. Mwaka 2018 mtafiti wa usalama kutoka Pakistan, Rafay Baloch, aliuonyesha kwenye vivinjari viwili, Edge ya Microsoft na Safari ya Apple. Ukurasa wake uliagiza kivinjari kifungue tovuti halali kupitia lango (port) lisilokuwapo kwenye seva ya tovuti hiyo. Jibu halikuja, lakini anwani halali ilikwisha kuandikwa juu. Agizo likarudiwa tena na tena ili anwani isiondoke, na chini yake bado ulikuwapo ukurasa wa mtafiti, ambao angeweza kuupamba apendavyo.

Safari ilikuwa na kinga moja: haikuruhusu kuandika kitu wakati ukurasa ungali unafunguka. Baloch akauchorea ukurasa wake kibodi bandia, kinga ikapitwa.

Microsoft ilirekebisha Edge Agosti mwaka huo. Septemba, kasoro ilipotangazwa hadharani, Safari ilikuwa bado. Kwangu hilo ni zito, kwa sababu hapa hata mtu makini anadanganyika, na kosa si lake. Mwaka 2020 Baloch na kampuni ya usalama wa mitandao ya Rapid7 walitangaza kasoro za aina hii katika vivinjari saba vya simu, vikiwemo UC Browser na Opera Mini, ambavyo wengi wetu tumevitumia ili kubana bando.

Alama ya kufuli kando ya anwani nayo halitoshi. Mwaka 2017 mtafiti wa usalama Xudong Zheng alisajili anwani iliyosomeka “apple.com” kwa herufi za Kisirili, yaani za lugha kama Kirusi, zinazofanana na zetu kwa macho, na kufuli likaonekana.

Hata hivyo, kivinjari kinapoonyesha anwani ya uongo, ndani yake huwa bado kinajua ukurasa umetoka wapi, na nywila ulizohifadhi humo hufungamanishwa na asili hiyo, si na maandishi unayoyaona. Kwa hiyo nywila iliyozoea kujijaza yenyewe ikikataa ghafla, usiiandike kwa mkono. Funga ukurasa, sasisha kivinjari, kisha ingia upya kwa kuandika anwani mwenyewe.