Mtoto, gemu la bure na laptopu ya nyumba nzima

Mama mmoja aliingia kibandani kwangu Sinza asubuhi, laptopu kaikumbatia, nyuma yake kijana wa kidato cha pili macho chini. "Fundi, mafaili yangu yote yamebadilika majina. Hayafunguki hata moja." Nikawasha. Picha za send-off ya mdogo wake, hesabu za duka, ripoti ya chuo iliyobakiza wiki mbili kukabidhiwa: kila jina limeongezewa mkia wa herufi nne zisizo na maana. Na ndani ya kila folda kumelazwa faili moja la maandishi, _readme.txt. Nilipoliona hilo nikavuta kiti nikakaa.

Barua yenyewe ni ya Kiingereza, fupi, yenye adabu ya kuudhi. Lipa dola 980 upewe ufunguo wa kuyafungua mafaili. Ukiwahi ndani ya saa 72, utalipa nusu, dola 490. Hii ni familia ya virusi inayoitwa STOP, wengine huiita Djvu. Haihangaiki na mabenki wala makampuni makubwa. Inawafuata watu wa majumbani, na mlango inaoupenda kuliko yote ni kraki: gemu la kulipia linalotolewa bure, programu "iliyofunguliwa", kitu cha kuzalisha namba za leseni.

Nikamgeukia kijana. Alikuwa keshajua. "Shikamoo anko. Mimi nilipakua pachi ya gemu la mpira tu."

Nikamwomba anisimulie hatua kwa hatua, bila kelele, na ninamshukuru mama yake kwa kunyamaza. Aliona video inayoonyesha gemu likiwa na jezi mpya. Chini ya video kuna kiungo, na kiungo kinaleta faili lililobanwa lenye paswedi, 1234. Maelekezo yanasema: zima antivairasi kwanza, maana "huwa inakosea". Akazima. Akafungua. Gemu halikutokea, ila likatokea dirisha la Windows likidai linajisasisha. "Nikaona ni Windows, nikaiacha imalize." Dirisha lile lilikuwa la uongo. Wakati mtoto anasubiri kwa ustaarabu, mafaili ya mama yake yalikuwa yanafungwa moja baada ya jingine.

Hapo kuna mambo mawili ambayo ningependa kila mzazi ayajue. Paswedi ile ya 1234 si ya kulinda chochote. Imewekwa ili antivairasi isiweze kuchungulia ndani ya faili kabla halijafunguliwa. Na la pili, Windows ikitoka kiwandani huficha mkia wa jina la faili, kwa hiyo kitu kinachoitwa goli.mp4.exe mtoto atakiona kama goli.mp4 na kudhani ni video, kumbe .exe ni mkia wa programu. Fungua folda yoyote, ingia View, weka alama kwenye File name extensions. Kwenye Windows 11 utaipitia Show kwanza. Kazi ya sekunde kumi.

Turudi kwa mama. Mwisho wa barua ile kuna namba ndefu ya utambulisho, na fundi anayeijua familia hii hukimbilia herufi mbili za mwisho. Zikiwa t1, maana yake virusi havikufika kwenye seva (kompyuta ya mtandaoni) ya wahalifu wenyewe, vikatumia ufunguo uliokuja navyo, ambao ni mmoja kwa watu wengi. Hapo kuna tumaini, kwa sababu kampuni ya Emsisoft ilitoa zana ya bure mwaka 2019, na funguo za namna hiyo zikipatikana huingizwa humo. Zisipokuwa t1, kila kompyuta ina ufunguo wake, na ufunguo uko kwao. Namba ya mama haikuishia na t1. Nikawaza, siku ile bando lingekata baada tu ya lile faili kushuka, virusi visiifikie seva yao, huenda ripoti ile ingeokoka.

Tulichookoa ni video za send-off. Virusi hivi vina haraka, vinaharibu kilobaiti 150 hivi za mwanzo wa kila faili na kuacha zilizobaki, kwa hiyo video ndefu inaweza kukarabatiwa ukipata video nyingine nzima iliyopigwa kwa kamera ileile. Picha na hati za Word mara nyingi hazina bahati hiyo. Kisha nikamwambia achukue simu yake, aanze kubadilisha paswedi zote, ya barua pepe kwanza, kwa sababu Djvu mara nyingi huja na mwenzake anayekomba paswedi zilizohifadhiwa kwenye kivinjari.

Sasa wazazi wengi wakisikia kisa hiki huniuliza niwawekee antivairasi gani. Swali si hilo. Antivairasi ilikuwepo, Defender inayokuja na Windows, na kwa nyumba ya kawaida inatosha. Ilizimwa. Na ilizimika kirahisi kwa sababu kijana alikuwa anatumia akaunti ileile ya mama yake, yenye mamlaka yote. Kwa kompyuta ile, mtoto alikuwa ndiye mwenye nyumba.

Kwa hiyo dawa yangu ya kwanza ni kugawa vyumba. Nenda Settings, kisha Accounts, tafuta sehemu ya Other users, ongeza akaunti ya mtoto, na aina yake iwe Standard User, si Administrator. Kisha fanya lile ambalo wazazi wanalikataa: tengeneza akaunti ya tatu ya usimamizi, ipe jina lolote, mimi huiita Fundi, na akaunti yako wewe mzazi pia uishushe iwe ya kawaida. Ya Fundi usiitumie kuangalia barua pepe wala kuperuzi. Kazi yake ni moja tu, kuandikwa paswedi pale Windows inapouliza ruhusa. Na tafadhali isiwe mwaka wa kuzaliwa wa mtoto mwenyewe. Nimeshaona baba anaandika paswedi kwa kidole kimoja, polepole, huku binti wa darasa la tano ameegemea bega lake akihesabu.

Akaunti ya kawaida haimzuii mtoto kupakua. Wala haizuii programu zote. Ziko zinazojisakinisha ndani ya folda ya mtumiaji bila kuomba ruhusa ya mtu. Faida yake ni kwamba mtoto hawezi kuzima Defender bila paswedi ya Fundi, na hata kitu kikipenya kinabaki chumbani kwake. Hakiwezi kuingia kwenye Documents zako, wala kusoma paswedi zilizo kwenye kivinjari cha akaunti yako. Ataumia yeye na picha zake za katuni, na hilo tunalitengeneza alasiri moja.

Ila kuna tundu, na tundu hili tumelichimba sisi mafundi. Ukileta laptopu kupigwa Windows, asilimia kubwa yetu tunakata diski vipande viwili, C na D, na kukwambia, "Mama, vitu vyako weka D, hata Windows ikifa utavikuta." Kweli utavikuta. Lakini diski ya D, isipobadilishwa chochote, kila mwenye akaunti kwenye kompyuta ile anaruhusiwa kuandika na kufuta humo. Ukigawa vyumba halafu vitu vya thamani ukaviacha D, ni sawa na kufunga mlango wa chumba na sanduku la dhahabu umeliacha sebuleni. Vihamishie ndani ya Documents na Pictures za akaunti yako.

Na tukiwa tunatubu, tutubu lote. Windows ya kraki inayopigwa kwa bei ya chai huamshwa na programu ambayo Defender huikamata, kwa hiyo fundi huizima, au huiwekea folda nzima msamaha, isikaguliwe. Kazi ikiisha anasahau. Fungua Windows Security, ingia Virus & threat protection, kisha Manage settings, shuka mpaka Exclusions. Ukikuta humo folda usiyoijua, au mbaya zaidi diski nzima ya C, iondoe. Windows ikianza kulalamika kuhusu leseni utakuwa umejua kwa nini ulitozwa bei ile. Na mzazi mwenye Windows ya kraki akimfokea mwanawe kwa gemu la kraki, mtoto anasikia, lakini haelewi kosa liko wapi.

Mengine ni madogo. Kwenye Settings, upande wa Apps, unaweza kuamuru programu zitoke Microsoft Store tu. Inasaidia kwa watoto wa msingi, kwa kijana wa sekondari inaleta ugomvi kila siku. Unaweza pia kubadili namba za DNS, ile huduma inayoielekeza kompyuta tovuti ilipo, ziwe 1.1.1.3 na 1.0.0.3 za Cloudflare, ni bure, zinazuia tovuti nyingi za virusi na za ngono. Akaunti ya kawaida haiwezi kuzirudisha. Wale wadogo wanaotafuta Robux, pesa za gemu la Roblox, za bure waambie moja kwa moja kwamba mashine ya kuzalisha Robux haipo, zote ni utapeli. Na kivinjari kikiuliza kama tovuti iruhusiwe kutuma taarifa, jibu ni hapana. Matangazo mengi ya "kompyuta yako ina virusi 5" ninayoletewa hapa hayana virusi vyovyote, ni kitufe hicho tu kilibonyezwa.

Kijana nilimpa kazi. Nilipomaliza kupiga Windows upya nikamwachia kiti, akatengeneza akaunti zote tatu mwenyewe huku nikimwelekeza, ila paswedi ya Fundi akaandika mama yake na sisi wawili tukatazama ukutani. Sasa akitaka gemu anamwita, na mama anamwuliza limetoka wapi kabla hajaandika kitu. Wiki ya kwanza aliitwa mara nne, akanipigia kulalamika. Baada ya hapo sijapigiwa.

Mama alinunua pia diski ya nje ya terabaiti moja. Nilimsisitiza jambo moja tu, isikae imechomekwa, maana kinachofunga mafaili ya ndani hufunga na ya humo. Anaichomeka Jumapili jioni, ananakili, anaichomoa, anaifunga kwenye kanga na kuirudisha kabatini chini ya mashuka. Ripoti ya chuo aliiandika upya kwa siku kumi na moja, kutoka kwenye nakala ya zamani aliyokuwa amemtumia msimamizi wake kwa barua pepe.