Kipimo cha damu cha mzio wa ukungu kinapima nini hasa

Wiki iliyopita mama mmoja aliniletea majibu ya mwanawe wa miaka 7, akaniuliza kama sasa inambidi ahame nyumba. Kwenye mstari wa Cladosporium, aina ya ukungu unaoota kwenye kuta zenye unyevu na pia hupeperushwa na hewa ya nje, palikuwa na namba 4.2 na neno "chanya". Hakuna aliyemweleza zaidi ya hapo, na kwangu mimi ninayefanya kazi ya maabara hilo ni jambo la kusikitisha, kwa kuwa namba isiyo na maelezo humtia mzazi hofu bure.

Tunachokitafuta katika damu ni kingamwili (protini za kinga ya mwili) ziitwazo IgE, ambazo zilichelewa kugunduliwa hadi katikati ya miaka ya 1960 kwa sababu kiasi chake katika damu ni kidogo mno. Tukishachukua damu, tunaiacha igande, tunaizungusha kwenye mashine hadi seramu ya rangi ya manjano ikae juu, kisha tunaigusanisha na protini za ukungu mmoja mmoja zilizonatishwa kwenye kitako maalumu. IgE inayoutambua ukungu huo hunasa, nyingine zote huoshwa, halafu tunaongeza kingamwili nyingine yenye kimeng'enya ambacho hutoa mwanga unaopimwa na mashine. Kwa miaka mingi 0.35 ndiyo imekuwa mpaka wa kuita jibu chanya, ingawa mashine za sasa huweza kusoma hadi 0.1.

Lakini chanya maana yake ni kwamba mwili umejifunza kuutambua ukungu. Haina maana kwamba ukungu ndio unaomkohoza mtoto. Wapo watu wenye namba kubwa wasiopiga chafya hata mara moja, na wapo wenye dalili halisi ambao jibu lao ni hasi, kwa kuwa dondoo za ukungu zinazotumika hutofautiana na aina za ukungu ni nyingi kuliko tunazopima. Vilevile IgE ya jumla, yaani IgE zote za damu bila kujali zinatambua nini, ambayo wengi huitazama kwanza, hupanda sana kwa mtu mwenye minyoo, na katika mazingira yetu sioni sababu ya kuitegemea peke yake.

Faida ya kipimo hiki ni kwamba dawa za mzio kama cetirizine haziharibu jibu, ilhali kwa kipimo cha kuchoma ngozi mgonjwa hutakiwa kuziacha kwa siku kadhaa, jambo gumu kwa mtoto ambaye halali usiku kwa kuwashwa. Ninachokipinga waziwazi ni kuuziwa kipimo cha IgG ya ukungu, kingamwili ya aina nyingine, kama kipimo cha mzio: IgG huonyesha zaidi kwamba mtu amewahi kukutana na ukungu, na nani kati yetu hajakutana nao? Daktari wa mapafu ana sababu zake za kukiomba katika magonjwa machache, si kwa mafua ya kila asubuhi. Wala mzio huu si fangasi wa ngozi, kwa hiyo dawa ya kupaka haiugusi.

Nilimwuliza mama yule mtoto hukohoa lini. Akasema ni usiku, hasa masika, na kitanda chake kimeegemea ukuta wa bafu wenye madoa meusi. Akienda kwa bibi yake likizo, kikohozi hupungua. Hapo ndipo 4.2 ilipopata maana. Nilimwomba amsimulie daktari hayo hayo, asogeze kitanda siku ileile, amwite fundi azibe bomba linalovuja kabla ya kupaka rangi, na aulize kuhusu kipimo cha kupuliza pumzi, kwa kuwa iwapo ni pumu, damu haiwezi kutuambia mapafu yanafanyaje kazi.